Nyasi Zilizowahi Kuchanua

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti limetulia, na lile sikio lililoharibiwa na kinu cha kusagia mawe cha machimbo halikupigii kelele. Mimi sijambo, ila wasiwasi haujaniacha. Ulishasema kwamba mimi hata nikitaka kukaa naomba radhi kwanza kwa kiti. Bado niko hivyo hivyo.

Nina habari njema. Hapa masjala nimepewa kazi yangu ya kwanza ya peke yangu, na ni kazi inayokuhusu. Zile bahasha za nyasi ulizomkusanyia marehemu Daktari wa Majani, yule mtafiti wa mimea, kwa miaka kumi na moja, za kifusini na za bondeni, zote zilikuwa huku, kwenye maboksi manne chini ya ngazi. Bodi ya ardhi inataka kuamua la kufanya na kifusi cha machimbo, ikaomba bahasha zote ziingizwe katika rejista moja safi. Mkuu wa masjala akatutazama makarani wote, jicho likatua kwangu.

Nimeandika bahasha mia tatu arobaini na mbili. Kila moja ina namba, mahali ilipotoka na tarehe. Tarehe ilinihangaisha siku nzima, kwa sababu kila bahasha ilikuwa na mbili: moja ya penseli, mwandiko wako, na nyingine ya muhuri wetu wa mapokezi. Nikafungua kitabu cha taratibu. Ukurasa wa kumi na nne unasema tarehe halali ya waraka ni ile ya muhuri. Nikaandika ya muhuri, nikahakiki mara tatu. Ilipendeza kuona jinsi tarehe zinavyolingana mwaka baada ya mwaka.

Mkuu aliifungua rejista, akapitisha kidole ukurasa mzima, akasema, "Kijana, hii ni kazi." Mama Mihuri, yule bibi wa dirisha la mapokezi, anasema kwa miaka tisa hajamsikia akisema hivyo kwa mtu.

Bahasha zenyewe zilikuwa zimeliwa na panya. Kwa kuwa zimeshanakiliwa, tuliziteketeza kwenye pipa la nyuma. Hati ya kuteketeza niliisaini mimi.

Nisalimie majirani wa laini nzima ya nyumba. Kula vizuri.

Ni mimi mwanao,
Karani


14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia, linangoja nipande ngazi lianze vituko. Sikio ni lile lile, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu watu wote kwangu ni nyuki.

Nilisoma barua yako kwa sauti hapa kibarazani. Fundi cherehani wa nyumba ya tatu akapiga makofi uliposifiwa. Nikaendelea kusoma, halafu nikanyamaza, akadhani nimepaliwa.

Hebu nieleze vizuri. Uliandika tarehe ya muhuri, ukaiacha ya penseli?

Gunia langu lilikuwa likichukuliwa mara moja tu kwa mwaka, mwanangu, mwisho wa Aprili, dereva wa ofisi akipita. Yote niliyokusanya tangu Machi yalikaa jikoni kwangu, juu ya kabati, yakimngoja yeye. Kwa hiyo muhuri wenu unaonyesha siku aliyofika dereva, basi. Siku ambayo nyasi zilichanua niliiandika kwa penseli. Kifusini ni kama tarehe ishirini na sita Machi. Bondeni ni kama kumi na nne Aprili. Kila mwaka, upungue siku moja au uzidi mbili. Daktari hakutaka kitu kingine kutoka kwangu. Alikuwa akisema, "Mama, nyasi nikikosa sitajali. Niletee siku."

Niambie umeandika zote mbili, nikafunge mlango nilale usingizi wa mchana.

Shangazi yako


21 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza na salamu kama ulivyonifunza. Natumaini u mzima. Mimi si mzima sana.

Sikuandika zote mbili.

Barua yako ilifika jana asubuhi. Niliisoma nimesimama, halafu nikaenda kwenye rejista kana kwamba labda mkono wangu uliwahi kuwa na akili kuliko mimi. Kila mwaka, kifusini na bondeni, tarehe ni moja. Ndicho kilichonipendeza.

Na bodi ilishakaa, Shangazi. Ilikaa tarehe kumi na nane. Kumbukumbu za kikao niliziandika mimi kwa mashine, kabla sijajua. Nakunakilia sentensi yenyewe: "Bodi imeridhika kwamba nyasi za kifusini na nyasi za bondeni huchanua siku moja, hivyo ni mmea mmoja, na kufukia kifusi hakutapoteza kitu kisichopatikana pengine." Chini yake kuna saini tano. Kifusi kitasawazishwa, kimwagiwe udongo, pawe maegesho ya malori. Kazi itaanza tarehe moja Aprili.

Sijamwambia mtu. Bado niko kwenye miezi sita ya majaribio, umebaki mmoja na wiki tatu hivi. Leo Mkuu amepita nyuma yangu akanigusa bega, nusura nipige yowe.

Najua si jibu ulilolitaka. Naomba usimsomee fundi cherehani.

Mwanao


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Fundi cherehani sikumsomea. Ameuliza, nikamwambia una mafua.

Kwanza nikwambie jambo ujue sikuombi ulie. Kifusi kile si rafiki yangu. Vumbi lake limenikohoza miaka ishirini. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia Daktari, mwaka ule wa kwanza, "Nyasi ni nyasi, unatafuta nini huku?" Akanipigisha magoti pale ukingoni. Kutoka kifusini hadi bondeni ni hatua kumi na nne, nimezihesabu.

Akasema, kila mwaka upepo unamwaga mbegu za bondeni juu ya kifusi, maelfu kwa maelfu. Zinaota vizuri kabisa. Wiki ya pili zinageuka njano, kwa sababu udongo ule una shaba, na mizizi yake haiwezi shaba. Zinakufa. Lakini tangu siku za babu zetu, mawe yalipoanza kumwagwa pale, katika maelfu moja ilikuwa ikibaki. Zilizobaki zikazaa. Tena kwa kuwa kifusi ni pakavu na pana joto, zilizowahi kuchanua ndizo zilizopata mbegu kabla jua halijazikausha. Na zinazowahi kuchanua hazikutani na chavua ya bondeni, maana bondeni bado wamelala. Basi watoto wao hawachanganyiki na wale wasioweza shaba. Kizazi hadi kizazi, zikazidi kuwahi, zikazidi kujitenga.

Aliniambia, "Mama, hakuna mto kati yao. Hakuna ukuta, hakuna hata waya. Kuna siku kumi na tisa tu." Nikamuuliza, basi huu ni mmea mwingine? Akakuna kichwa. Akasema bado, uko njiani. "Tukiuacha utafika."

Hizo siku kumi na tisa ndizo ulizozifuta. Sikutukani. Nimekulea, najua ulifuata kitabu, na kitabu kilikuwa pale mezani, na mimi sikuwapo. Lakini ingia kwa Mkuu wako useme. Watakufukuza? Wakufukuze. Kitanda chako kipo, nimekiwekea maboga tu.

Leo wamekuja vijana wawili na vigingi vyekundu.

Shangazi yako


11 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Wiki mbili sina barua. Nimemuuliza mtu wa posta kama kuna mgomo, akasema, "Mama, mgomo uko kwenu."

Sikiliza, sina hasira. Nimepata njia. Masuke ya kifusini yameanza kuvimba. Ikifika ishirini na sita, ishirini na saba hivi, yatafunguka. Bondeni hakutakuwa na hata moja. Mtu yeyote mwenye macho akisimama kwenye zile hatua kumi na nne ataona upande mmoja una vumbi la njano na upande mwingine umefunga. Hatahitaji bahasha wala rejista. Mlete Mkuu wako, au mtu yeyote wa bodi, hata dereva. Kabla ya hiyo tarehe moja mna siku tano za kuona.

Ni basi la siku moja na nusu. Siyo mwezini.

Nakungoja.

Shangazi yako


17 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua zako zote mbili ninazo mfukoni, zimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Natumaini goti halijambo.

Nimesema. Nataka ujue hilo kabla ya mengine.

Mara tatu nilifika mlangoni kwa Mkuu nikarudi. Mara ya nne Mama Mihuri akanidaka koridoni.

"Mwanangu, una homa au una barua?"

"Nina kosa."

"Kubwa au la kawaida?"

"Kubwa."

"Basi usiingie kabla ya chai. Kabla ya chai hasamehi. Baada ya chai hasikii. Ingia akiwa anakunywa."

Nikaingia akiwa anakunywa. Nilimweleza yote: penseli, muhuri, gunia, dereva, siku kumi na tisa. Nilifika mwisho. Hakunikatiza. Akaweka kikombe chini.

"Rejista haisahihishwi bila hati ya asili," akasema. "Hati za asili ziko wapi?"

"Niliziteketeza, Mkuu."

"Kwa idhini ya nani?"

"Yako, Mkuu."

Akakizungusha kikombe kwenye kisahani. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga, "Basi tumekosea wawili. Au hatujakosea." Nikamwambia habari ya kuja kuona. Akasema ofisi haisafiri kwa barua ya shangazi. Nikamwomba ruhusa nije peke yangu. Akasema mtu wa majaribio hana likizo, na kwamba nikiondoka bila ruhusa nisirudi.

Ameniruhusu kuandika dokezo kwa bodi. Nimeliandika kurasa mbili, nikalitia kwenye trei ya vikao. Kikao kinachofuata ni tarehe thelathini Aprili. Nikamkumbusha kwamba mashine zinaanza tarehe moja. Akasema, "Nimesikia," akavuta faili jingine.

Mtu mwingine angepanda basi, najua. Kila asubuhi napita kituoni, natazama ubao wa safari, kisha naingia kazini. Naomba angalau uandike siku zitakapofunguka. Kwa penseli, kama kawaida.

Mwanao


22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi ulisema. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hapo pa kikombe nilikuona kabisa ulivyosimama, vidole vimebana mshono wa suruali.

Kifusi kimekwisha. Hawakungoja tarehe moja. Katapila lilikuwa limemaliza kazi mahali fulani mapema, likawa halina la kufanya, likaletwa. Jumatano saa mbili asubuhi tukalisikia, hata mimi nililisikia.

Nilikwenda na jembe na beseni la kufulia. Yule mwendeshaji ni kijana mwenye adabu, akazima mashine.

"Mama, ondoka hapo, unatafuta nini?"

"Nyasi."

"Mama! Bonde zima limejaa nyasi!"

"Nataka za hapa."

Akacheka, akawaambia wenzake, "Mpisheni bibi achukue majani yake." Akanigeukia. "Chukua hata mabonge kumi, mama."

"Mikono ni miwili," nikamwambia, "na goti ni moja."

Nilichimba bonge moja, ukubwa wa sahani ya kulia, masuke saba yamevimba lakini hayajafunguka. Nikalipeleka nyumbani. Niliporudi kuchukua la pili pale pote palikuwa pameshasukumwa, na malori yanamwaga udongo mwekundu juu. Ilikuwa bado siku sita tu zichanue. Kijana akaniambia pole. Hakujua pole ya nini, lakini alisema.

Hilo bonge nimelipanda kwenye beseni, kwa udongo wa bustani, maana wa kifusi sikuwa nao wa kutosha. Sijui kama nimefanya sawa. Daktari angejua.

Shangazi yako


27 Machi

Mwanangu,

Naandika haraka, mtu wa posta yuko mlangoni, anatingisha mguu.

Imechanua! Jana, tarehe ishirini na sita, siku yake ile ile. Kwenye udongo mzuri, kwenye beseni, nimeimwagilia kama mchicha, na bado imeshika siku yake. Unaona? Daktari alikuwa akibishana na wenzake hapo. Walimwambia ni ukavu wa kifusi tu unaoziharakisha, ukizipa udongo mzuri zitangoja wenzao. Hazikungoja. Imo ndani yao. Nimekwenda bondeni asubuhi hii na goti langu, nimetazama kuanzia kisima hadi barabarani, hakuna hata suke moja lililofunguka.

Chavua inaanguka kwenye ukuta wangu, inafutika kwa kidole. Maua hayadumu zaidi ya wiki. Njoo. Mwambie Mkuu, mwambie Mama Mihuri, njoo na yeyote, au njoo peke yako.

Shangazi yako


30 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua ni tarehe ngapi. Natumaini u mzima, ingawa sina haki ya kuuliza.

Barua yako ilifika tarehe mbili Aprili. Siku hiyo hiyo niliipeleka kwa Mkuu. Akaisoma yote, hata pale pa mtu wa posta, akatabasamu. Akasema, "Beseni moja si kifusi." Nikaomba siku nne. Akasema nimalize majaribio kwanza, zimebaki siku kumi na moja, nisijiharibie. Alisema kwa upole. Angenifokea labda ningeondoka.

Nilinunua tiketi ya basi. Ninayo bado. Nilifika hadi mlango wa basi, kondakta akaniuliza, "Unapanda au unaaga?" Nikasema naaga. Sijui nilikuwa namuaga nani.

Leo bodi imekaa. Dokezo langu lilikuwa la mwisho. Mwenyekiti akalisoma kimya, akaniita nisimame.

"Kijana, kifusi chenyewe kiko wapi sasa?"

"Kimefukiwa, mheshimiwa."

"Basi tunajadili nini?"

Wengine walicheka, lakini si kwa ubaya. Nikasema, mheshimiwa, kulikuwa na kitu kilichokuwa njiani kuwa kitu kingine, na rejista yangu ilisema hakipo. Akaniuliza kama kilikuwa na jina. Nikasema bado. Akasema, "Basi," akafunga faili. Baada ya kikao nikaandika kumbukumbu mimi mwenyewe: "Dokezo la karani limepokelewa."

Nimethibitishwa kazini. Barua imekuja na muhuri na saini zote. Mama Mihuri ameniletea andazi kunipongeza, nimelila nikiwa nimegeukia ukuta.

Kama bonge lile bado liko hai, labda tuna kitu. Lina mbegu zake. Mwakani tunaweza kupanda beseni kumi, na mwaka wa kufuata eneo zima, nami nitakuja na vipimo, nitaandika kila tarehe. Niambie kama mbegu zimekomaa. Na niambie kama unanikasirikia, maana barua zako hazisemi.

Mwanao


7 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya kazi. Nasema kweli, hongera. Nimemwambia fundi cherehani, amepiga makofi.

Hasira ilikuwapo mwezi wa pili. Sasa sijui imekwenda wapi, nimeitafuta. Wewe ulifuata kitabu, Mkuu akafuata kitabu, yule kijana wa katapila alifuata vigingi. Nikimtafuta wa kumkasirikia namwona kila mtu yuko mahali pake anafanya kazi yake.

Bonge liko hai. Majani yake ni mabichi. Lakini udongo wa bustani una mbegu zake, na zimeota humo humo beseni, nyasi za bondeni, zina afya, zinaipita urefu kila siku. Nang'oa asubuhi, jioni zipo.

Umeniuliza habari ya mbegu. Nimekaa kibarazani leo tangu asubuhi, nimetandaza kitambaa cheupe, nimeyapukuchua masuke yote saba. Kila kipepe, kile kiganda cha mbegu, nimekifungua kwa ukucha, kimoja kimoja. Ilichanua siku zake, mwanangu, lakini mmea ulikuwa mmoja, nyasi hizi hazizai kwa chavua yao wenyewe, na chavua yake haikuwa na kwa kwenda. Bondeni walipofungua, kumi na tatu Aprili, yenyewe ilikuwa imeshanyauka wiki nzima.

Nilivifungua vyote ili nisije nikakuandikia uongo. Ni mia mbili na sita. Ndani hamna kitu, hata kimoja.

Shangazi yako